Twiga Asiye na Jirani

Mtu ashukaye Ndia Kuu kuelekea Fort Jesus, mahali ambapo wenyeji wa Mombasa hupaita Ngomeni, hapungukiwi na twiga. Wamo katika maduka ya Mji wa Kale, wametundikwa juu ya kuta nene za mawe, wamekunjwa kama mikeka, wamepangwa chini penye kivuli wakimngoja mgeni. Wako wakubwa wa kujaza ukuta wa sebule, na wadogo wa kutia mkobani. Aghalabu ni watatu: baba, mama na mtoto. Nyuma yao jua jekundu linazama, mgunga mmoja umetandaza kilele chake kama mwavuli, na pengine Kilimanjaro umechomoza na theluji yake mahali popote mchoraji alipoona pana nafasi. Rangi zinawaka, na mkono ulioshika brashi ni mwepesi, hautetemeki. Mgeni hununua, hufunga mzigo wake, huondoka. Na kabla ya adhuhuri twiga wengine watatu wameshika nafasi ya wale waliouzwa.

Nataka kuzihakiki picha hizi kwa haki, maana ni rahisi mno kuzidharau. Msomi apitaye karibu nazo husema kuwa hizo ni bidhaa wala si sanaa, akaenda zake. Hukumu hiyo haitoshi. Picha iliyochorwa ili iuzwe si lazima iwe mbaya. Milango ya Mji wa Kale nayo ilichongwa kwa malipo, na hapana mtu aitazamaye leo akauliza kwanza fundi alilipwa kiasi gani. Swali langu ni jingine: picha hizi zinatufundisha nini juu ya twiga, na je, mafunzo hayo yanamfaa mnyama mwenyewe, ambaye hesabu yake katika nchi si kubwa kama hesabu yake katika maduka?

Yafaa tukumbuke kwamba kuchora wanyama si urithi wa mtaa huu. Mafundi wa zamani wa Mombasa walipopamba mlango walichonga maua, majani, minyororo na maandishi. Dini ilielekeza mikono yao mbali na sura za viumbe wenye roho, nao wakapata katika jani moja la mti nafasi ya kutosha kwa ustadi wa umri mzima. Askari wa Kireno waliokaa ndani ya ngome baada ya kujengwa kwake mwaka 1593 hadi 1596 walichora juu ya ukuta, nao walichora zaidi merikebu, kwa kuwa merikebu ndiyo iliyowaleta na ndiyo waliyoitumaini kuwarudisha kwao. Huyu twiga wa madukani alikuja baadaye sana, tena alikuja kutoka kusini, kutoka Dar es Salaam, katika mikono ya watu waliofuata mfano wa mtu mmoja.

Mtu huyo ni Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kusini mwa nchi iliyoitwa Tanganyika wakati ule. Alikwenda kutafuta riziki mbali na kwao kama vijana wengi wa rika lake, akafanya kazi mbalimbali za mikono, na yapata mwaka 1968 akaanza kuchora katika mji wa Dar es Salaam. Hakusoma shule yoyote ya uchoraji. Alitumia vipande vya mraba vya ubao wa dari, na rangi za mafuta zile zipakwazo baiskeli, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana kwa bei aliyoiweza. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Kazi yake yote, basi, ni ya miaka minne hivi. Wanafunzi wake, ambao wengi walikuwa ndugu na jamaa, waliiendeleza. Mwaka 1990 wachoraji wa namna hiyo walikuwa na chama chao cha ushirika. Na leo jina la mtu limekuwa jina la aina nzima ya uchoraji.

Ukizitazama picha zake mwenyewe utaona jambo ambalo nakala nyingi zimelipoteza. Aghalabu mnyama ni mmoja, naye ameujaza ubao mpaka pembezoni. Jicho lake ni kubwa, la duara, nalo linamtazama mtazamaji. Hafanani sana na mnyama wa porini. Miguu yake si miguu ambayo mwalimu wa elimu ya viumbe angeikubali, na madoa yake yamekwenda kama mchoraji alivyopenda. Lakini yupo. Anasimama mbele yako kama mtu aliyebisha hodi akaingia, nawe huwezi kuendelea na mazungumzo yako kana kwamba hakuna aliyeingia. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba ubovu wa picha za madukani ni kutofanana na twiga wa kweli. Kama kufanana ndiko kungekuwa kipimo, Tingatinga angeshindwa wa kwanza.

Sasa mfuate mnyama huyo katika nakala ya nakala. Kwanza amepunguzwa ili apatikane nafasi ya mwenzake. Kisha wakawa watatu, kwa kuwa mgeni hupenda jamaa. Jicho likawa nukta. Jua likazama, na tangu lilipozama halijapata kuchwa wala kucha. Mchoraji wa leo, ambaye ana kodi ya nyumba na karo za watoto, hana faida ya kumtazama twiga. Anamtazama twiga wa jirani yake aliyeuzwa jana. Mimi simlaumu. Kijana aliyezaliwa Kuze au Kibokoni huenda akafika utu uzima bila kumwona twiga ila juu ya kitambaa, ijapokuwa wapo walio hai katika bustani ya Haller huko Bamburi, mwendo mfupi kutoka kisiwani, mahali palipokuwa machimbo ya saruji.

Walakini kuna kasoro kubwa kuliko hiyo, nayo imo katika picha za ghali na za rahisi sawasawa. Katika nchi ya twiga hawa hamna mtu. Hamna boma, hamna mbuzi, hamna kisima, hamna shamba, wala njia ya miguu. Ni nchi ambayo ungedhani iliumbwa asubuhi ya leo na Adamu bado hajatiwa ndani yake. Mtazamaji huiona mara mia, mwishowe huamini kwamba nchi hiyo ipo mahali fulani, kubwa, tupu, yenye nyasi zisizokwisha, na kwamba twiga wake wako salama ndani yake milele.

Hesabu zasema vinginevyo. Mwaka 1985 ilikisiwa kuwa twiga wa Afrika nzima walikuwa kati ya 151,000 na 163,000. Mwaka 2015 walikisiwa kuwa 97,500 hivi. Ndani ya miaka 30, basi, katika kila twiga kumi walipungua karibu wanne, na mwaka 2016 muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa maumbile, ujulikanao kwa herufi za IUCN, ulimwandika twiga katika daraja la wanyama waliokabiliwa na hatari ya kutoweka. Mwaka 2019 mataifa yaliyokutana Geneva yalikubaliana kuitia biashara ya viungo vyake chini ya sheria. Mwaka 2025 muungano uleule ulitambua kwamba twiga si aina moja bali ni aina nne, na katika hizo nne tatu zinaishi Kenya. Hesabu za karibuni zimeonyesha nafuu kwa baadhi ya aina; nafuu hiyo, hata hivyo, haikugawanyika sawa.

Tazama jinsi upungufu huo ulivyopita kimya. Ndovu alipouawa dunia ilisikia, kwa sababu pembe zake zina bei na kila mtu anazijua. Hata sisi wa Mombasa tuna pembe kubwa za bati zilizovuka Barabara ya Moi tangu miaka ya 1950, ambapo mnyama mwenyewe hayupo, zipo pembe tu. Twiga hana kitu cha namna hiyo. Alipungua kwa mambo madogo: shamba limeingia malishoni, seng'enge imekata njia ya maji, mtego wa waya umetegwa kwa ajili ya nyama, vita vimefukuza walinzi, mvua imekosa miaka miwili. Kila moja la mambo hayo lina mtu ndani yake. Na mtu ndiye asiyeonekana pichani.

Haikuwa hivyo sikuzote. Katika makumbusho ya Fort Jesus, yaliyofunguliwa mwaka 1960, viko vyombo vya kauri vya Kichina vinavyotukumbusha kwamba pwani hii ilijuana na Uchina zamani. Mwaka 1414 mfalme wa Bengali alimpelekea Yongle, mfalme wa Uchina, zawadi ya twiga, na wanahistoria wengi hufikiri kwamba mnyama yule alikuwa ametoka pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata wajumbe wa Malindi walimpeleka mwingine wao wenyewe. Wachina walistaajabu. Baadhi yao walimwita qilin, mnyama wa baraka katika visa vyao, ambaye husemwa kwamba hutokea zama za mtawala mwema. Na mfalme ambaye kiti chake alikitwaa kwa vita hakuona ubaya wa kuambiwa hivyo. Mwandishi mkuu wa hati nzuri, Shen Du, aliandika sifa za mnyama huyo, nayo picha ikachorwa. Nakala zake zimedumu mpaka sasa. Moja imo katika makumbusho ya sanaa ya Philadelphia, Marekani.

Picha hiyo ingestahili kubandikwa katika kila darasa la pwani. Twiga amesimama, shingo imenyooka kwenda juu kama mnazi mchanga. Madoa yake yamegawanywa kwa mistari myembamba kama wavu wa mvuvi, nami siwezi kuyatazama bila kuwakumbuka twiga wa kaskazini mwa Kenya, ambao ngozi yao ina wavu wa namna hiyo. Mbele yake yupo mtu. Ameshika kamba iliyofungwa kichwani mwa mnyama, naye ameinua uso kumtazama. Hapana jua, hapana mlima, hapana mti. Mchoraji aliona kwamba yatosha kutuonyesha viumbe wawili na kamba iliyo kati yao. Najua kuwa kamba ile ni kamba ya utumwa wa mnyama, na kwamba safari yake kuvuka bahari haikuwa ya hiari. Lakini picha haisemi uongo juu ya jambo hilo. Inasema: huyu yuko mkononi mwa huyu. Baada ya miaka mia sita na zaidi hali ya twiga ni ileile, ila kamba sasa haionekani.

Wako watakaonipinga kwa kunitajia David Shepherd, nao wana hoja. Mwingereza huyo, aliyezaliwa mwaka 1931, alikuja Kenya mwaka 1949 akitaka kuwa bwana wanyama, akakataliwa. Akapata kazi ya kupokea wageni katika hoteli huko Malindi, akachora ndege juu ya vipande vya ubao na kuviuza ili apate nauli ya kurudi kwao. Ukipenda, yeye naye alianza kama vijana wetu wa Ngomeni. Mwaka 1960 alirudi Afrika Mashariki kwa msaada wa jeshi la anga la Uingereza, na katika Tanganyika alikuta kisima cha maji kilichotiwa sumu na punda milia 255 wamekufa hapo. Tangu siku hiyo alichora kwa niaba ya wanyama. Picha yake moja ya chui milia, aliyoitoa mwaka 1973, ilipata pauni 127,000 kwa ajili ya kuwaokoa wanyama hao India. Mwaka 1984 akaanzisha mfuko wa kuhifadhi wanyama, nao uliendelea baada ya kufa kwake mwaka 2017. Nakala za ndovu wake zilitundikwa katika nyumba nyingi sana za Uingereza.

Basi nakala nyingi si dhambi, maadam fedha yake ilikwenda mahali pema. Nakiri hivyo bila kusita. Hata hivyo nikizitazama picha zake maarufu naiona nchi ileile tupu. Ndovu anatoka katika vumbi, mkubwa, mtukufu, peke yake. Na kile kisima chenye sumu, kilichombadilisha mchoraji mwenyewe, hakimo. Aliona maiti 255 na mkono wa mtu uliotia sumu, kisha akatuchorea mnyama aliye mzima asiye na adui. Yamkini alijua kwamba watu hawanunui huzuni. Mnunuzi wa London alitoa fedha kwa moyo mkunjufu, lakini hakuambiwa kuwa palepale pichani, nje kidogo ya fremu, wako watu wenye ng'ombe na kiu, ambao bila wao mnyama yule hawezi kuokolewa.

Watu hao twaweza kuwaona bila kwenda mbali. Kutoka kisiwani kwetu njia yapita Malindi, ikavuka Mto Tana, ikafika Ijara katika Kaunti ya Garissa. Huko wafugaji wa Kisomali wana hifadhi yao wenyewe iitwayo Ishaqbini. Mwaka 2017 dunia ilisikia kwamba kwao kuna twiga weupe pe. Hawakuwa zeruzeru, ngozi yao ilikosa rangi, macho yakabaki meusi. Wachoraji wetu wamezoea kumpaka twiga rangi yoyote, buluu, zambarau, nyekundu, na hapana anayeshangaa. Huyu alikuwa na rangi ya maziwa kwa maumbile yake. Mwezi wa Machi 2020 wenyeji walitangaza kwamba mama mweupe na ndama wake wameuawa na majangili. Ilionekana mifupa tu. Akabaki dume mmoja. Mwezi wa Novemba mwaka uleule alifungwa katika kipembe chake chombo kidogo cha kutoa habari ya mahali alipo kila saa, ili walinzi wamfuate. Mimi sijaona dukani picha ya dume huyo. Ingekuwa picha ya namna gani! Mnyama mweupe, chombo kipembeni, na walinzi watokao katika kabila la wafugaji wakifuata nyayo zake kati ya mifugo yao.

Picha iliyofanya kazi ambayo brashi haikuifanya ilipigwa kwa kamera. Mwezi wa Desemba 2021, katika hifadhi ya Sabuli, Kaunti ya Wajir, twiga sita walikufa wakati wa ukame. Walikuwa wamedhoofika kwa njaa na kiu. Walikwenda kunywa katika bwawa lililokaribia kukauka, wakanasa topeni. Wenyeji waliwaondoa ili maji yaliyobaki yasioze, na mpiga picha akawapiga kutoka juu, wamelala juu ya mchanga, shingo zimepinda. Picha ilizunguka ulimwengu. Ukiitazama bila maelezo utasikitika kwa ajili ya wanyama. Ukijua kwamba waliondolewa majini kwa sababu watu na mbuzi walikuwa wakingojea maji yaleyale, utaelewa jambo ambalo twiga elfu wa jua linalozama hawawezi kukueleza.

Kwa haya yote siwaombi wachoraji wa Mji wa Kale wachore mizoga. Hakuna atakayenunua, na watoto wao wanapaswa kula. Nasema tu kwamba ndani ya mtindo waliourithi kuna nafasi ya kutosha. Tingatinga alituachia mnyama mmoja mwenye jicho. Na rangi zile za baiskeli zaweza kuchora dumu la maji na birika la ng'ombe kwa uzuri uleule zinavyochora mgunga. Mlango wa Mombasa haukuwa na mnyama hata mmoja, lakini ulijaa umakini wa mtu aliyelitazama jani. Nataka umakini huo upewe twiga: apigwe hatua yake ya kweli, ambapo miguu miwili ya upande mmoja huenda karibu pamoja, si kama farasi, dume aonekane na vipembe vyenye upara, jike na vipembe vyenye nywele, na mahali anapokula pawe na mwenyewe.

Katika chuo cha ualimu nilipata kuwaagiza wanafunzi wangu wachore twiga bila kutazama kitabu. Karibu wote walichora wale wa Ngomeni, na jua lao. Binti mmoja ambaye kwao ni upande wa Garissa alichora twiga akinywa katika birika la simenti, mbuzi wako pembeni, na msichana amesimama na dumu la njano akingojea zamu. Shingo ya twiga ilikuwa fupi mno, na miguu ya mbele aliinyoosha kama nguzo, hali twiga anywapo huitanua sana ndipo kichwa kifike chini. Nilimwambia aifute miguu aichore tena. Msichana na dumu lake nikamwomba asiwaguse.